Aliyezimia Uwanjani

Mimi, Honora Tuohy, nilitunza chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake katika klabu moja ya kriketi na tenisi huko Filadelfia, na nasema wazi: sijapata kuona huruma ya kijinga kama ya wanaume wa kamati yake.

Bi Adelia Pennock alikuwa bingwa wa tenisi wa wanawake. Desturi ilikuwa kwamba bingwa hachezi mpaka fainali. Wengine wanamalizana wiki nzima, naye anamngoja atakayebaki. Basi mwaka wake mzima ulikuwa mechi moja, seti tano kama za wanaume. Na uchezaji wake kila mtu aliujua: hupoteza mbili za mwanzo akimkimbiza mwenzake, kisha huchukua tatu zilizobaki.

"Nora, mimi ni punda, si farasi," aliniambia nikimkaza kamba za vazi la kubana kiuno. "Nipe njia ndefu."

"Vuta pumzi basi, punda wangu."

Juni ile jua lilikuwa linachoma. Mpinzani alikuwa Cordelia Haines wa Kalifornia, binti anayepiga mpira kama anapasua kuni. Wazee wa kamati walikaa wamejibana kwenye makoti ya sufu na kola ngumu, wakigida pombe ya ponchi. Mwenyekiti wao, Bwana Thornley, alikuwa amemweka daktari pembeni na chupa ya chumvi ya kunusa, eti ya kuwazindua mabibi wakizimia.

Cordelia alichukua seti mbili. Adelia akachukua mbili. Walikutana wavuni, sketi zao zimeloa.

"Mama, umechoka?" Cordelia akamchokoza.

"Nimeanza kuchangamka. Wewe je?"

"Naweza hadi kesho."

"Basi punguza domo, anzisha."

Katika seti ya tano, wakiwa nne kwa nne, tulisikia kishindo. Bwana Thornley alikuwa chali kwenye nyasi, uso mwekundu, kola imemkaba. Daktari akakimbia na ile chupa.

"Tumngoje azinduke?" Cordelia aliuliza.

"Akizinduka atatufundisha kupiga. Cheza!"

Adelia alishinda sita kwa nne. Nilipomvua, nguo yake ya ndani niliikamua jasho.

Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, aliingia chumbani kwangu na barua, akanisomea: "Kwa kuwa katika fainali iliyopita urefu wa mchezo ulisababisha mtu kuzimia uwanjani, tangu sasa mabibi watacheza seti tatu tu." Sahihi ilikuwa ya Thornley.

"Nani alizimia?" niliuliza.

"Hawakutaja."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nyani haoni kundule! Lakini Adelia hakucheka. "Wamenikata miguu, Nora," alisema. Aliandika kupinga, na Cordelia, ambaye angefaidika na sheria hiyo, akatia sahihi naye. Walijibiwa kwa pepeo mbili za hariri, za kujipepea. Hao ndio waungwana wetu.

Juni ikafika, wakakutana tena. Seti ya kwanza, Cordelia. Ya pili, Cordelia. Adelia alichukua mpira akarudi mwisho wa uwanja kuanzisha ya tatu, kama alivyozoea.

"Bi Pennock," mwamuzi akamwita, "mchezo umekwisha."

Cordelia hakunyanyua hata raketi kushangilia. "Bwana mwamuzi, tuache tuendelee. Sitaki kombe la nusu mechi."

Hakuna aliyemjali. Bwana Thornley alikuja na kombe, anang'aa kwa kuridhika. "Mnaona, mabibi? Mwaka huu hakuna aliyezimia."

"Ni kweli," Adelia akamjibu. "Mwaka huu umejitahidi."

Watu waliangua kicheko. Thornley akawa mwekundu kuliko ile siku ya nyasi, nami nikaona amepatikana.

Lakini chumbani, nilipomfungulia kamba, Adelia alinishika mkono akauweka mgongoni kwake. Nguo ya ndani ilikuwa kavu.

"Nimengoja mwaka mzima, Nora," alisema, akaanza kulia, "na sijatoka hata jasho."