Turubai la Meya

Mimi ndiye ninayeandika hotuba ya mahafali. Watu wa mji wetu wa San Hilario hawajui, na Meya Buenaflor hapendi wajue. Mwaka wa kumi na moja sasa, karani mzima wa shule ya sekondari, nakaa kwenye taipu nikimtungia mwanamume mwenye magari manne maneno ya kuwafundisha watoto wa wavuvi wa kaa wasiwe na tamaa. Naye hasomi kabla. Anaipokea jukwaani, anaikunjua, anaisoma kama mtu anayesoma bei ya mchele. Mwaka juzi niliandika pembeni, “tabasamu kidogo, ngoja makofi.” Akasoma na hilo! Watu wakapiga makofi.

Basi mwaka huu kulikuwa na jambo la Mayumi.

Mayumi Catacutan ni binti wa mfua nguo, wa kwanza katika ukoo wao kuitwa chuo kikuu cha serikali. Chuo kinataka cheti cha tabia njema chenye sahihi ya mwalimu mkuu, na kinakitaka kabla ya Ijumaa. Bila cheti, nafasi anapewa mwingine. Mahafali yalikuwa Alhamisi.

Kosa lake? Mwezi uliotangulia tufani iling'oa mabati ya darasa la kidato cha kwanza. Tukaomba mabati kwa meya, tukaletewa turubai la kutundikwa getini, refu kama basi: uso wa meya, meno yote nje, na maandishi NAWAPENDA WANAFUNZI WANGU. Watoto waliopendwa wakakaa siku nne na madaftari yaliyolowa. Siku ya tano Mayumi akachukua ngazi, akalishusha turubai, akalifunga juu ya darasa. Tangu siku hiyo meya akawa anawatabasamia watoto kutoka darini, na tone halikupita. Haki ya Mungu, ndiyo kazi pekee niliyowahi kuona uso ule ukifanya.

Mwalimu mkuu, Bi Perpetua Magsino, nusura azimie. Akamwita binti ofisini, mimi nikiwa palepale na mafaili yangu.

“Umemdhalilisha Mheshimiwa! Utaandika barua ya kuomba radhi, useme unajuta. La sivyo cheti sisaini.”

“Lakini mwalimu, sijuti.”

“Andika tu kwamba unajuta!”

“Nikiandika hivyo si nitakuwa nimesema uongo? Yaani cheti cha tabia njema napewa nikishadanganya?”

Bi Perpetua akamwonyesha mlango. Mimi nikainamia mafaili ili asinione ninavyocheka. Baadaye nikamfuata Mayumi uani, nikamkuta analia kwa hasira, kamasi hadi mdomoni.

“We mtoto, andika barua uende zako chuoni. Barua ni karatasi tu.”

“Mama Consing, nawe?” akasema, akaniangalia. “Si wewe ndiye unayetuandikia kila mwaka kwamba mtu mwema hasemi asichokiamini?”

Kumbe watoto walijua! Nikashikwa na aibu. Nikarudi kwenye taipu.

Alhamisi tulimngoja meya kwa saa tatu na nusu. Wazazi walijipepea kwa vipepeo vya kadibodi alivyotuma vigawiwe, kila kimoja na sura yake, hata ukitazama uwanja uliona meya mia tatu wanatikisa vichwa. Wahitimu waliloa jasho ndani ya majoho. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, “Anakuja kutufundisha kutunza muda huyu.” Nyani haoni kundule.

Akafika, akala kwanza nguruwe wa kuchoma ofisini, ndipo akapanda jukwaani akifuta mafuta midomoni. Nikampa karatasi.

“Vijana wangu,” akaanza, “tabia haifundishwi kwa mdomo.” Makofi. “Raia mwema haruki foleni, hachukui cha umma.” Mtu akakohoa sana. Akafungua ukurasa wa pili. “Raia mwema akiona wadogo zake wananyeshewa, hangoji mkubwa. Yuko binti hapa aliyelishusha turubai langu akawafunika watoto. Wapo waliotaka niombwe radhi. Mimi nasema...” Hapo sauti ikapungua, macho yakatangulia mbele ya mdomo, lakini uwanja mzima ulikuwa umeshasimama, akina mama wanapiga vigelegele. Maji yakimwagika hayazoleki. Akameza mate, akaendelea. “Mimi nasema, uso wangu haujawahi kuwa na faida kubwa hivyo. Mwalimu mkuu, msainie cheti chake sasa hivi, mbele yetu sote.”

Cheti nilikuwa nacho tayari, na kalamu. Meza haikuwepo, kwa hiyo Bi Perpetua alisaini juu ya kipepeo, akimkandamiza meya puani. Mama yake Mayumi alikipokea cheti kwa mikono miwili iliyopauka kwa sabuni.

Bi Perpetua akaja kunishika mkono kwa nguvu. “Consing! Nani kaandika maneno yale?”

“Mwalimu, si umesikia? Meya mwenyewe.”

Akaniachia mkono. Angesemaje? Kwamba Mheshimiwa huazima akili kwa karani? Meya naye alinipitia karibu, akaniangalia kama sumu, halafu mzazi mmoja akamkumbatia akilia, akalazimika kutabasamu. Na kutabasamu kulimkolea. Hadi anaingia garini alikuwa ameshaamini kwamba ni maneno yake.

Wiki mbili baadaye likaja turubai jipya. Meya kamshika bega Mayumi, picha wameziunganisha tu kompyutani, na maandishi MLEZI WA RAIA WEMA. Mabati hayakuja.

Mayumi alipita kuniaga na begi lake, basi la chuoni likimngoja barabarani. Akasimama getini, akalitazama turubai lile kwa muda mrefu, nikadhani atalia tena.

“Mama Consing,” akasema, “hili ni pana kuliko la kwanza. Naona na darasa la kidato cha pili linavuja.”

“Utachelewa basi, mwanangu.”

“Dereva ameniahidi dakika kumi.”

Nikaenda kumletea ngazi.