Chai ya Mama Shoka

Neno la kwanza kumrudia Wangui mdomoni baada ya kiharusi lilikuwa asante. Halikuwa jina lake, wala jina la kaka yake Gichuru aliyekuwa amekishikilia chuma cha kitanda kana kwamba kitanda kingetoroka. Muuguzi wa hospitali ile ya Upper Hill akapiga makofi, na tangu siku hiyo Wangui akawa analitumia neno hilo kwa kila jambo, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Akigeuzwa ubavu, asante. Akilishwa uji, asante. Akiambiwa kwamba mkono wa kushoto utachukua muda mrefu kupona, na huenda usipone wote, asante.

Na watu wa kushukuru alikuwa nao, tena wa kweli. Abdalla, mwenye duka la vitambaa katikati ya jiji, rafiki yake tangu chuoni, alikuwa akifunga duka mapema na kumletea mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti. Alijua vizuri kwamba mgonjwa haruhusiwi kuyala, basi akayala mwenyewe palepale huku akimsimulia habari za mjini. Anita, anayefanya kazi katika benki ya ng'ambo ya barabara, alitumia saa yake ya chakula cha mchana kumsuka nywele. Kuria, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu, aliwaacha abiria wakingoja ili ampeleke mazoezini, na alipoulizwa nauli alijifanya kiziwi.

Kilichowaunganisha hawa wanne hakikuwa kanisa wala chama. Ulikuwa mchezo. Kila Jumamosi alasiri walikutana kwa Anita huko Westlands, ghorofani, foleni ya magari ikipiga honi chini yao, wakacheza Ngome Saba. Kwa asiyeujua, mchezo huo hauna ubao wala kete za kusukuma. Mmoja ni kiongozi, naye husimulia nchi yenye majoka, wachawi na mageti ya chuma. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, husema mhusika huyo anafanya nini, halafu dadu zinaamua kama amefaulu au ameumia. Kiongozi wao alikuwa Abdalla. Mhusika wa Wangui alikuwa Mama Shoka, mwanamke wa miraba minne asiyejua kunong'ona, aliyevunja milango mingi kuliko aliyowahi kuifungua.

Ngome Saba ina matoleo matatu, na ukitaka kuona watu wazima wenye kazi zao wakigombana kama watoto, waulize lipi bora. La kwanza Abdalla na Wangui walilinunua kwa kuchangiana, mjini, kwa wale wauza vitabu wanaotandaza mali yao chini mpaka uiname kuchagua. Lilikuwa kijitabu chembamba, wino umefifia, na lilikuwa katili. Dadu zilirushwa katikati ya meza, kila jicho likiona. Ukijeruhiwa, ulitembea na jeraha lako mpaka majuma ya mchezo yapite. Ukifa, umekufa. Wao wenyewe wakaongeza sheria moja ya nyumbani: aliyekufa anaondoka mezani na kwenda kuwapikia walio hai chai.

Toleo la pili lilikuja na majedwali mengi hata Kuria akasema ni afadhali kujaza fomu za ushuru. La tatu, wanalocheza sasa, ni zuri, tusidanganyane. Ni kitabu kikubwa cha picha za rangi, na sheria zake hata mgeni anazielewa. Kiongozi amepewa pazia la kadibodi la kusimamisha mezani, anarusha dadu zake nyuma ya pazia hilo. Kufa humo ni vigumu. Na majeraha, hata yawe ya upanga, yanapona kwa kulala usiku mmoja.

"Bahati yako mbaya, Wangui," Abdalla alikuwa amemwambia pale hospitalini, mdomo umejaa hamri. "Ungeugua kwa toleo la tatu, kesho waamka watembea."

Wangui alicheka kwa nusu ya uso iliyokuwa ikicheka. Hicho ndicho kicheko chake cha kwanza, na alimshukuru Mungu kwa ajili ya Abdalla usiku huo kabla ya kulala.

Siku aliporudi mezani, Kuria alimshika mkono kutoka kwenye lifti mpaka kitini. Anita alikuwa ameweka mto juu ya kiti chake, na biskuti alizozipenda zilikuwa upande wake wa kulia, mahali mkono mzima ungezifikia. Wangui aliviona vyote hivyo, moyo ukamjaa. Kisha mchezo ukaanza.

Joka la mgodini lilitoka likitema moto. Mhusika wa Kuria aliungua mgongo. Wa Anita alibaki na uhai kiduchu. Mama Shoka, aliyekuwa amesimama mbele ya wote, mbele kabisa ya mdomo wa joka, alingoja zamu yake. Dadu ikasikika nyuma ya pazia. Abdalla akaitazama.

"Limekukosa," Abdalla akasema.

Joka likarusha kucha. Dadu ikasikika tena, na Wangui akaona macho ya Abdalla yakishuka kwenye mkono wake wa kushoto uliokuwa umelazwa mezani kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine.

"Limekukosa tena. Mashallah."

"Mama Shoka ni moto!" Kuria alipayuka, kwa furaha iliyozidi. "Hii joka haiwezi yeye, wacha tu." Anita alikuwa anapanga upya biskuti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Wangui aliugua, hakupumbaa. Aliunyosha mkono wa kulia na kuliangusha pazia. Dadu ya pande kumi na mbili ilikuwa imelala pale, na juu yake kumi na mbili, namba ambayo katika Ngome Saba haina mjadala: joka limekupata, na limekupata barabara.

Alitaka kusema unanidanganya. Neno lilikuwa pale, alilihisi kwenye ulimi. Kilichotoka, na angekipiga teke kama kingekuwa na mgongo, kilikuwa:

"Asante."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Kuria alimrudisha nyumbani Spring Valley, kwenye nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba ya Gichuru, na njia nzima redio ndiyo iliyozungumza.

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Simu zikalia, akazitazama zikilia. Hakuwa amewakasirikia kwa ubaya, kwa kuwa alijua walichomfanyia ni mapenzi matupu. Lakini hospitalini alikuwa mgonjwa, mazoezini mgonjwa, kwa kaka yake mgonjwa anayekatiwa nyama vipande vidogo. Meza ya Anita ndiyo mahali pekee alipokuwa akipasubiri tangu siku ile alipoanguka bafuni. Kama na pale pia ni mgonjwa, basi Wangui mwenyewe hakuwa na mahali pa kurudi. Aliamua kwamba hatarudi tena.

Abdalla alikuja siku mbili baadaye. Gichuru akamtolea kiti cha plastiki mlangoni, akamwambia, "Huyu amekuwa na hasira, boss, jichunge," akaenda zake. Abdalla alikaa akiwa na mfuko mapajani.

"Wanichukia, dadangu?"

"Ka... kidogo."

"Mimi nimefuata kitabu. Toleo la tatu lasema kiongozi aweza kuficha dadu ili hadithi iendelee. Ukurasa nitakuonyesha."

"La kwanza," Wangui akasema.

"La kwanza lina roho mbaya! Mtu ajikwaa kwenye ngazi, afa. Jeraha haliponi."

Wangui alikamata mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akaunyanyua mbele ya uso wa rafiki yake, akauachia. Ukaanguka mapajani.

"Huu," akasema polepole, akilitafuta kila neno na kulivuta mpaka nje, "ni toleo la kwanza."

Abdalla hakucheka. Aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilipokuona kule Upper Hill, mdomo umekwenda upande, nilimwambia Mungu akuache tu, mengine basi. Akakuacha. Sasa wataka nikuue mimi, kwa mkono wangu huu, hata kwa mchezo? Siwezi, Wangui. Naogopa."

"Najua. Lakini pale mezani sitaki... ku-kupona." Alipumzika, akapumua. "Nataka kucheza."

Abdalla hakuahidi kitu. Alichukua mfuko wake, akaenda.

Jumamosi walikuja wote kwake, bila kualikwa. Kuria alibeba meza ya kukunjwa kichwani, Anita biskuti. Abdalla aliutoa mfuko, na ndani yake, kimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha dukani, kile kijitabu chembamba kisicho na jalada. Hapakuwa na mto kitini. Hapakuwa na pazia.

Ah, walivyohangaika! Toleo la tatu lilikuwa limewadekeza. Kuria alivunjika mguu kwenye ngazi ya kwanza, akauliza atalala wapi apone. Akaambiwa majuma sita. "Six weeks! Hii toleo iliandikwa na nani, landlord?" Anita alikasirika kweli, uso ukamwiva, na alipofaulu kufungua kufuli kwa dadu iliyozunguka weee mbele ya macho yao wote, alipiga yowe mpaka Gichuru akatoa kichwa dirishani. Wangui alisahau mkono wake. Alisahau kabisa, kwa mara ya kwanza tangu augue.

Kisha wakalifikia joka. Mhusika wa Anita aliteleza, akawa chini, na Wangui hakufikiri mara mbili. "Mama Shoka," akasema, "anasimama mbele yake."

Abdalla alishika dadu. Ilitosha aseme tuahirishe, jua linazama, na kila mtu angekubali. Alimtazama Wangui, naye Wangui akamtazama bila kupepesa. Akairusha katikati ya meza.

Kumi na moja. Kinga ya Mama Shoka ilikuwa kumi, na katika toleo la kwanza joka likiivuka kinga yako linaua.

"Mama Shoka," Abdalla akasema, akakohoa, akaanza upya. "Mama Shoka amekufa."

Wangui alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi, kwa upande mmoja wa uso na kidogo, kidogo tu, kwa upande wa pili. Akaegemea meza, akasimama.

"Chai," akasema.

Aliingia jikoni akiuburuta mguu. Walimsikia akiteka maji. Walisikia pakiti ya maziwa ikiraruliwa kwa meno, kisha kitu kikimwagika, kisha kikombe kikivunjika sakafuni. Anita alinyanyuka.

"Keti," Abdalla akamwambia, macho yamemlowa. "Marehemu yuko kazini."

Anita akaketi. Hakuna aliyemfuata. Chai ilichukua muda wake, na ilipoiva Wangui aliileta kikombe kimoja kimoja, akirudi jikoni kila mara, nao wakamngoja huku wamekaa kama wageni wenye adabu. Kuria ndiye aliyeonja kwanza. Ilikuwa imeungua, tangawizi imezidi, sukari haimo.

"Aki Wangui," akasema, "hii chai ni ya toleo la kwanza."

Hata hivyo aliinywa yote. Wangui alikaa kwenye kiti chake kisicho na mto, amechoka hata vidole, mkono wa kulia umemwagikiwa maziwa. Alimgeukia Abdalla, aliyekuwa akijipangusa macho kwa kile kitambaa cha dukani.

"Asante," alimwambia, na safari hii ndilo neno alilokuwa akilitafuta.