Hukumu Yenye Jina la Hasina

Maafisa wa mazingira walipofika mtaa wa Usagara, mjini Tanga, kumfungia Hasina Sadalla banda lake la kusafishia pweza, hakuwa na la kuficha. Maji yenye wino wa pweza yalikuwa yakitiririka kwenye mtaro wa barabara mchana kweupe, sawa na maji ya jirani zake wote. Kanuni mpya ilimtaka ajenge kwanza mtambo wa kuyasafisha, na mtambo wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko banda. Wakakata umeme, wakapiga kufuli mlangoni. Pweza wakaoza ndani ya mafriza, na wasichana aliowaajiri wakarudi makwao.

Dada yake, Zuwena, ndiye aliyemkataza kunyamaza. Zuwena alilima mwani kijijini kwao, upande wa Mkinga. Mikono yake ilikuwa imechanika kwa kamba na chumvi. Alikuja mjini kwa ajili hiyo tu, akamshika mdogo wake mkono hadi Chumbageni, kwenye ofisi ya wakili Timotheo.

Timotheo alikuwa bado kijana, mtu wa Lushoto, na alikuwa na njaa ya kesi kubwa. Akachimba, akapata tundu: kanuni ile ilikuwa haijatangazwa kwenye Gazeti la Serikali.

"Mama, isipotangazwa si sheria," alimwambia Hasina. "Ni karatasi tupu."

Jaji wa Mahakama Kuu akakubaliana naye. Alisema serikali haiwezi kumwadhibu mtu kwa amri ambayo haikupata kuwekwa hadharani, na kwamba kanuni nzima haina nguvu. Hasina alilia pale pale. Zuwena akapiga vigelegele hadi askari wa mahakama akamsihi anyamaze.

Hukumu haikukaa Tanga. Wenye mahoteli, wenye viwanda vya sabuni, wenye machinjio, kila aliyewahi kupigwa faini kwa kanuni ile alikimbilia mahakamani na jina la Hasina mkononi. Maafisa wa mazingira wakawa wanapita milangoni kama wageni, hawana tena ruhusa ya kuingia wala kuchukua maji kwenda kuyapima. Hasina akafungua banda lake. Watu wasiomjua wakampigia simu kumpongeza.

Jirani na kijiji cha Zuwena kulikuwa na kiwanda cha ngozi. Kilikuwa na mtambo wa kusafisha maji, kimeujenga kwa shingo upande pale kanuni ilipotoka. Baada ya hukumu kikauzima. Dawa za mtambo zilikuwa ghali, na sasa hapakuwa na wa kuwauliza.

Maji yakaanza kushuka pwani meusi, yananuka mzoga. Mwani ukageuka mweupe, ukawa unateleza, ukakatika kwenye kamba na kuelea. Wanawake wakahamisha vigingi mbele zaidi, kwenye kina, wakafanya kazi maji yakiwafika kifuani. Huko nako mwani ukafa.

Zuwena na wenzake wakarudi kwa Timotheo, kwa kuwa ndiye wakili waliyemjua. Hakuwakataa. Hasina alikwenda mahakamani siku ya kusikilizwa, akakaa benchi moja na dada yake.

Wakili wa kiwanda alisimama, mzee mtaratibu, akasema hana maneno mengi. Maafisa hawakupima maji yale, kwa sababu kanuni iliyowapa ruhusa ya kupima ilifutwa. Kiwango cha uchafu nacho hakipo, kwa sababu kilikuwa ndani ya kanuni hiyo hiyo. "Tunategemea shauri la Hasina Sadalla, Mheshimiwa, ambalo mahakama hii inalijua vizuri."

Zuwena aligeuka taratibu akamtazama mdogo wake.

Timotheo aliinuka. Jaji alikuwa yule yule.

"Wakili, ni wewe uliyesimama hapo ukaniambia kanuni hii ni karatasi tupu. Leo unataka niseme nilikosea?"

"Hapana, Mheshimiwa. Naomba uyatenganishe mashauri haya mawili."

"Niyatenganishe kwa lipi?"

Timotheo alizungumza juu ya madhara, juu ya wanawake, juu ya haki ya jirani kutochafuliwa maji. Jaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ushahidi kwamba maji ya kiwanda ndiyo yaliyoua mwani uko wapi. Haukuwepo. Madai yakatupwa.

Nje, Hasina alijaribu kumshika dada yake bega.

"Da Zuwena, mimi sikujua."

"Najua hukujua," Zuwena alisema, akaliondoa bega lake. "Na mimi ndiye niliyekupeleka."

Baadaye serikali ikaitangaza kanuni upya, safari hii kwenye Gazeti, na kali kuliko ya kwanza. Kiwanda cha ngozi kikawasha mtambo wake. Ulikuwepo siku zote. Maafisa wakarudi Usagara. Hasina hakuwa na mtambo, na Timotheo hakuwa na tundu la kumtafutia. Hasina akayauza mafriza.

Sikukuu ya Idi alikwenda kijijini. Akamkuta Zuwena uani, anajisugua mikono kwa limau na majivu. Alikuwa ameajiriwa kiwandani kukwangua ngozi, yeye na nusu ya wanawake waliokuwa wakilima mwani kabla haujafa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Unafanya kazi kwa watu wale?"

"Ulitaka nifanye wapi?" Zuwena hakuinua macho. "Nile hukumu yako?"

Hasina alikaa kwenye kibao. Harufu ya ngozi mbichi ilikuwa imejaa ua mzima. Zuwena akanyanyuka, akaingia ndani, na Hasina akasikia akimwambia mjukuu wake apeleke pilau kwa mgeni.

Mgeni, alisema. Hakumtaja kwa jina.