Kufuli la Viganja vya Bosi

Bosi alikuwa hajatimiza mwaka, meno mawili tu kinywani, lakini kompyuta ya nyumba ile ilimtii yeye kuliko mama yake. Akiiona imefunguliwa mezani, hujirusha kutoka pajani, viganja vyote viwili paa! juu ya kibodi, na kazi ya asubuhi nzima inakwenda na maji. Kuna siku mwalimu wa darasa la jioni aliletewa zoezi lenye ukurasa mzima wa herufi moja. Akampa Mama Bosi alama za juhudi.

Ndipo Mama Bosi akajifunga kibwebwe. Kompyuta yake kuukuu iliendeshwa na mfumo huria, ule usiouzwa wala kufichwa. Watu wa kila pembe ya dunia wanauandika pamoja, na yeyote mwenye wazo anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kuomba kazi yake iingizwe. Yeyote! Sasa yeye si mmoja wao? Akaandika kipande chake cha programu Bosi akilala, akaandika Bosi akinyonya, mkono mmoja kwenye vitufe. Vitufe vingi vikipigwa kwa mpigo, kibodi inajifunga. Kuifungua, unabonyeza viwili vya pembeni kabisa, kulia na kushoto, kwa pamoja. Mikono ya Bosi haifiki.

Akakituma, na asubuhi moja msimamizi wa mfumo, mtu wa mbali asiyemjua hata sura, akamjibu: "Wazo tamu. Ila mimi sina mtoto wa kulijaribia. Nirekodie nione. Toleo jipya linafungwa leo jioni. Ukichelewa, tuonane mwakani."

Mwakani! Mwakani si Bosi atakuwa keshaimaliza kompyuta yenyewe?

Akamwita wifi yake, msusi wa saluni ya jirani. Wakaiegemeza simu kwenye kopo la maziwa, ikaanza kurekodi.

"Haya baba, piga!" Mama Bosi alibembeleza.

Bosi akaitazama kibodi kama mgeni aliyekuja ameshiba. Akanyonya kidole.

"Huyu mwanao ana njama," alisema msusi.

"Damu ya kaka yako hiyo."

"Thubutu! Kwetu hakuna wakaidi. Hebu nipishe."

Wakamwimbia. Wakampigia makofi. Bosi akafurahi, akapiga meza, akapiga kopo, akampiga shangazi yake kofi la pua. Akapiga kila kitu isipokuwa kibodi. Dirishani jua lilikuwa limeshainama, na moyo wa Mama Bosi ukainama nalo.

"We mtoto we!" msusi uzalendo ukamshinda. "Kila siku unaipiga bila kuombwa! Si unafanya hivi tu? Paa!"

Skrini ikafifia. Kufuli dogo likachomoza katikati.

"Mungu wangu, nimeiua! Wifi, nimeiua!" Akaipapasa, akaipiga tena, akaiomba msamaha. Kimya. Kufuli halikutikisika.

Mama Bosi alitaka kusema, kicheko kikamziba. Akamtupia mtoto mikononi, akanyoosha mikono, akabonyeza kulia na kushoto. Skrini ikang'aa.

"Hujaiua, shoga yangu. Umeipima!"

Wakaituma video vilevile, na pua nyekundu ya msusi ndani yake. Kisha wakakaa, wameshikana mikono kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Jibu likaingia:

"Inafanya kazi. Swali moja: huyo ndiye mtoto?"

"Ni wifi yangu," Mama Bosi akaandika.

"Basi inafaa rika zote. Nimeiingiza. Karibu kwetu."

Mama Bosi akaruka, kiti kikaanguka. Msusi akapiga vigelegele, akazunguka chumba kizima na mtoto mabegani, akitangaza kwamba dunia nzima sasa itafungiwa vitufe na kofi lake.

Na Bosi, kuona sherehe si yake, akajirusha. Paa!

Kufuli.

Akapiga tena. Akaitazama skrini, akamgeukia mama yake taratibu, macho yamemtoka, kama mwenye nyumba aliyerudi na kukuta kitasa kimebadilishwa.