Pumzi za Baba

...ya pili, bila shaka ya pili, angesema nini kingine, na Ian amekaa hapo ukingoni mwa bwawa, miguu majini, akimcheka, "Senge, si wewe ni wa mto Nzoia, leveli ya kwanza ni ya watu wanaogopa beseni," Senge, ndivyo kwao wanavyomwita shangazi, ndivyo alivyo huyu mtoto wa kaka yake, domo kama la baba yake, marehemu Hesbon, na mwalimu Chelagat bado anangoja, "Sasa mama, niwaweke wapi, ya kwanza ama ya pili?", wa leveli ya pili wanaenda maji marefu mwezi ujao, ndiyo njia ya haraka ya kuwa waokoaji mtoni, wa ya kwanza wanabaki hapa Kitale, kwenye bwawa la hoteli, wakifundishwa kupumua, kupumua!, naye Agneta alizamia kwa pumzi moja kabla hajajua kusoma, yeye na Hesbon, baba akiwaelekeza, hemeni haraka haraka kama mbwa juani, tena, tena, mpaka kichwa kiwe chepesi, halafu zama, hutasikia hamu ya kupumua... hutasikia... lakini mwalimu amesema nini sasa hivi, kabla ya swali, "Ile kuhema haraka haiongezi hewa, bana, inanyamazisha tu kile kitu kinakuambia upande juu, unazimika kama taa, hata hupapatiki," na watu wakacheka, Agneta pia alicheka... hata hupapatiki, Hesbon hakupapatika, wachota mchanga wenzake walisema hivyo kwenye matanga, alihema, akazama na ndoo yake, basi, uso umetulia kama wa mtu aliyelala, na baba akasema mto haumchukui hivyo mtu anayeujua, kuna ulimi uliomtanguliza, maana asubuhi ile Linah mkewe aligombana naye, akamwambia nenda na usirudi, maneno ambayo mke yeyote Bungoma amewahi kusema chai ikipoa, na udongo wa kaburi haujakauka Linah akarudishwa kwao Malakisi, Ian mgongoni, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope la langoni, hakuna aliyemfuata nacho, ndivyo inavyosimuliwa nyumbani, na Agneta ndiye mtunzaji, kila neno mahali pake, kila neno... isipokuwa zile pumzi, nani angezitaja, zilikuwa fahari ya boma, na sasa nini hiki kando yake, hu-hu-hu-hu, mabega ya Ian yanapanda na kushuka, ndivyo hasa, babu yake alimwita likizo moja amfundishe, mjukuu tu, mama yake hapana, "Ian, wacha!", "Ah, Senge, najitayarisha tu, ati unaogopa?", anaogopa, ndiyo, na maji yametulia vilevile, na Chelagat hajasogea, "Mama? Ya kwanza ama ya pili?"... "Ya kwanza," akasema, "sisi wote wawili," Ian akaguna, aibu gani hii, Senge, na Agneta akamshika bega, likiwa bado linapanda na kushuka, akalikandamiza mpaka likatulia, "Ian, kesho mama yako atakuwa nyumbani Malakisi?"