"Nipo" Isiyo na Ndoo

Nawategea: mlango mmoja, wenyeji watatu, mgeni hajui kapokewa na nani. Mmeshindwa? Ni kazi ya mjukuu wangu. Anatunza duka la viatu la mtandaoni. Wateja wote wanabisha hodi kwenye anwani moja, na pale mlangoni kuna kompyuta bawabu inayowagawa kwa kompyuta tatu za nyuma, wenyewe wanaziita seva. Isiyo na shughuli nyingi ndiyo inayopewa mteja anayefuata.

Siku ya punguzo la bei alikuwa anafanyia kazi mezani kwangu jikoni. Kazini bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Bosi wake akapiga simu.

"Binti, wateja wanapata ukurasa mtupu. Ikifika saa sita hali ni hii, kesho usijisumbue kuja."

Uso ukamshuka. "Bibi, mbona zote nzima? Bawabu anaziuliza kila mara, 'Upo?' Zinajibu, 'Nipo.' Tena ya tatu ndiyo inayowahi kuliko wenzake."

Mimi nakaanga vitunguu, mikono yote ina kazi. Nikamwita babu yake aliye sebuleni.

"Mzee, upo?"

"Nipo."

Hatokei mtu. Vitunguu vinaanza kuungua.

"Mzee, upo wewe?"

"Nipo, mama, nipo."

Nikachungulia. Kajilaza kwenye kochi, ndoo niliyomtuma akaijaze maji iko miguuni pake, kavu kama jana.

"Huyu naye," nikasema, "nipo yake haina ndoo."

Mjukuu akainua kichwa, akamtazama babu yake kama ndiyo kwanza anatambulishwa.

"Ya tatu ni Babu," akasema. "Ni Babu mtupu. Inaitikia, haifanyi kazi. Kila mteja inamrudisha mikono mitupu, basi muda wote haina shughuli, na bawabu anazidi kuimiminia watu."

"Nimefanya nini tena?" likauliza kochi.

Akambadilishia bawabu swali: asiulize tena upo, aombe bei ya kiatu. Seva mbili zikataja bei. Ya tatu ikanyamaza, ikatolewa mstarini, na wateja wakaanza kununua. Kabla ya saa sita bosi akapiga tena.

"Haya. Kesho uwahi."

Na mimi nikabadilisha swali.

"Mzee, ndoo imejaa?"

"Ndoo gani?"

"Bibi, mtoe mstarini," mjukuu akasema.

"Nikimtoa, mwanangu, nitamgombeza nani?"