Wakili Bramli na Sakafu ya Bi Shaikha

Hosea Bramli alizaliwa kwenye kibanda cha magogo, kule ambako Marekani ya zamani ilikuwa bado inaishia msituni. Sheria alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kimoja alichoazima kwa mhunzi. Kesi alizifuata juu ya farasi, mashtaka kayatia ndani ya kofia. Mvua ikiyalowesha, alishinda kwa maneno matupu. Siku moja alimleta dubu kortini kutoa ushahidi wa wizi wa asali. Dubu akala kiapo, kisha akamla karani.

Hayo nikiyahadithia Matrah mwaka 1966, barazani kwa muuza halua. Dubu ni wangu. Mengine niliyasoma katika kitabu kisicho jalada nilichokinunua mnadani Shangani, nilipokuwa karani wa korti Unguja. Tulikuwa tumeingia Oman miaka miwili nyuma tukiyakimbia mapinduzi, roho mkononi, na wenyeji wakituita Wazinjibari na kukicheka Kiarabu chetu. Mimi nilipenda kuitwa Wakili. Bramli hakusoma chuo. Kwani mimi nilipungua nini?

Bi Shaikha aliniamini. Mumewe kamzika Unguja, akafikia kwa shemeji yake Ghanim, mzaliwa wa Matrah asiyeujua hata mkarafuu, nyumba yake imesimama nusu. Bi Shaikha akavua bangili zake zote za dhahabu, nyumba ikamalizika. Makubaliano yao: yeye akae chini mpaka kufa kwake, Ghanim na watu wake wakae juu.

"Niandikie, Bwana Wakili," aliniambia. "Ghanim mtu mwema, lakini wema hauna muhuri."

"Ntakuandikia kwa Kiarabu fasaha, Bi Shaikha. Kadhi mwenyewe ataikodolea macho."

"Usinitilie dubu tu."

Nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza: sakafu ni ya Shaikha, ghorofa ni ya Ghanim. Maneno yote mawili si tumeyapata kwa Waarabu? Nikawarejeshea. Sakafu nikaiandika saqf, ghorofa nikaitia wingi iwe nzito, ikawa ghuraf. Ghanim akatia dole gumba bila ya kusoma.

Mwaka wa pili mwanawe, Aflah, akataka kuoa. Vyumba vya chini vikatakiwa kwa bibi harusi. Bi Shaikha akaipeleka karatasi yake kwa kadhi, kifua mbele, nami nyuma yake.

Kadhi akasoma. Akasoma tena.

"Mama, hapa paa la nyumba ni lako. Vyumba vyote ni vya Ghanim."

Baraza zima likaangua kicheko. Maana kwa Waarabu saqf ni paa, na ghuraf ni vyumba. Walitupa maneno, sisi tukayabeba kichwa chini miguu juu, na mimi ndiye niliyeyatia wino.

Kadhi peke yake hakucheka. "Ewe mwandishi, ulikusudia hivi? Kama ulikosea lugha, sema sasa, tuirekebishe."

Bi Shaikha akanigeukia, ametulia kabisa, kama mtu anayengojea chai yake. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Mzinjibari hajui paa na chini!" Wenziwe wakakohoa vicheko.

"Niliandika nilichoambiwa," nikasema.

Katika maisha ya Bramli mna ukurasa ambao barazani nilikuwa nikiuruka. Aliandika mpaka wa shamba la mkulima mmoja, akaweka mto wa mashariki badala ya mto wa magharibi, na mkulima akatolewa kwake na watoto sita. Bramli alilijua kosa lake, akanyamaza. Mwaka uliofuata watu wakamchagua kwenda kuwatungia sheria, akazitunga miaka ishirini, akafa kitandani kwake, akachongewa sanamu. Mimi sikuchongewa kitu. Lakini mwezi ule kazi zilinijia kwa wingi: watu walisikia kuwa karatasi yangu imesimama mbele ya kadhi.

Bi Shaikha akapanda juu ya paa na mkeka, mtungi na mwavuli. Udongo mtupu juu ya magogo ya mtende, mwezi wa Juni, na majabali ya Matrah yameuzunguka mji kama mafiga. Ghanim haya zikamshika, akamwita ashuke alale ukumbini.

"Huko kwako," alimjibu. "Mimi nipo kwangu."

Wiki ya tatu alituma niitwe. Nikapanda ngazi, nikamkuta midomo imempasuka, kaukalia mkeka kama anayepokea wageni.

"Karibu. Usikanyage hapo, panabonyea," akasema. "Nna mtoto wa dada yangu, Rahila, anakaa mji wa Sib. Mwandikie aje kunichukua."

Nikachutama, nikafungua kalamu, nikaanza salamu kutoka upande wa kulia. Akanishika mkono.

"Kwa Kiswahili, Wakili. Nnataka afike."